Mlinganyo Uliofunga Mnada

Nimeshauriwa na watu wenye heshima zao, mama yangu akiwa wa kwanza, kwamba hasira hii niiache ipoe. Mama anasema hasira ya mtu mzima ikikaa sana hugeuka maradhi. Huenda ni kweli. Lakini kila ninapoketi kuandika jambo jingine inanirudisha hapa hapa, kwa hiyo nimeona niyaandike yote kwa mara moja, tangu mwanzo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia chuoni, hapa Morogoro mjini. Kwetu ni milimani, upande wa Mgeta, kwenye mashamba ya miteremko mikali ambako ukidondosha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Sisi Waluguru shamba ni la lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo nyumbani kwetu mwenye kauli alikuwa mama. Yeye ndiye aliyeamua kwamba mimi nisome na mdogo wangu wa kiume abaki na jembe. Nikasoma mpaka nikavuka bahari, nikarudi. Mdogo wangu hakubaki na jembe. Alijiunga na jeshi.

Kazi yangu ni ya nadharia. Sina maabara wala mashine zinazounguruma. Nina kompyuta, ubao mweupe na dirisha linalotazama mlima, ambao siku nyingi umefunikwa na ukungu hadi saa nne asubuhi. Ninachokihesabu ni namna chembe zinavyotoka ndani ya kiini cha atomu nzito. Chembe ile imezungukwa na kizuizi, ukuta wa nguvu ambao haina uwezo wa kuuruka. Kwa akili ya kawaida ingebaki humo milele. Kwa fizikia ya kwanta upo uwezekano, mdogo sana, kwamba itakutwa upande wa pili, bila kuuruka ukuta wala kuubomoa. Ukuta ukiwa mnene, uwezekano huo karibu haupo. Ukiwa mwembamba, unapanda kwa kasi ya kutisha. Ujana wangu mwingi umekwenda kwenye ukuta huo na sijutii hata kidogo.

Huko ndiko aliponikuta mtu ambaye hapa nitamwita mchumi. Tulisoma naye sekondari, darasa moja, kisha akaenda kusomea uchumi na kukaa Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa maneno matamu tangu zamani, wa kusalimia kila mtu kuanzia mlinzi mpaka mkuu wa idara. Siku hiyo alikuja na treni ya umeme, akanipigia akiwa bado stesheni, na kabla ya chai kupoa alikuwa ameketi ofisini kwangu amefungua makala yangu moja kwenye simu yake.

"Dada," akasema, "umeandika hesabu za vita na hujui."

Wazo lake lilikuwa hivi. Vita ni biashara kama biashara nyingine. Watu wenye silaha hukaa kimya kwa sababu kupigana ni ghali: risasi, chakula, kulipa vijana, kuzika. Gharama hiyo ndiyo ukuta. Kisha linakuja pato, labda barabara ya kupitisha madini ambayo wanaweza kuitoza ushuru, labda mkaa, labda ng'ombe, na ukuta unaanza kuwa mwembamba. Siku moja unawakuta upande wa pili. Wachumi wenzake, akasema, walikuwa wamejaribu kuhesabu jambo hilo kwa njia zao na kila mara walikuwa wakishtukizwa na vita ambavyo hesabu zilisema haviwezi kutokea. Alitaka mtu anayejua kuhesabu kisichowezekana.

Wazo lilinivutia, na sioni aibu kulisema. Mtu anayekaa peke yake na hesabu zake miaka yote, akisikia kwamba zinaweza kumfaa binadamu, moyo unamcheza. Kulikuwa na shirika la nje lililofadhili kazi hiyo, likiwa na takwimu nyingi za nchi jirani, za maeneo ya machimbo ambako vikundi vya wapiganaji vimekaa miaka na miaka. Nilifanya nao kazi kwa misimu miwili ya mvua. Modeli, yaani mfumo wetu wa hesabu, ikasimama. Ukiipa maeneo mengi kwa pamoja, ilikuambia vizuri katika maeneo ya aina hii ni mangapi yatakayolipuka.

Sharti langu lilikuwa moja na nililitoa siku ya kwanza. Nilimwambia mchumi kwamba hesabu hii inasema juu ya wengi, haisemi juu ya mmoja. Nikampa mfano wa urani. Ukinipa kilo ya urani, nitakuambia itapungua vipi na sitakosea. Ukinipa kiini kimoja tu ukaniuliza kitavunjika lini, nitakuambia sijui, na hakuna duniani anayejua. Kwa hiyo wasije wakachukua modeli hii wakaielekeza kwenye kijiji kimoja wakasema, hapa. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema hilo ni jambo la msingi kabisa. Nikaliandika kwenye sehemu yangu ya ripoti, aya nzima, kwa lugha ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha nne angeielewa.

Mdogo wangu alikuwa amesharudi wakati huo. Jeshi lilimpeleka nchi jirani kulinda amani, kwenye eneo la machimbo kama yale yale yaliyokuwa kwenye takwimu zangu, na huko bomu la kurushwa kwa mkono lilimwachia vyuma kwenye nyonga. Alirudi akichechemea, akaenda kwa mama kulima njegere. Kila alipokuja mjini kwa daktari alifikia kwangu. Mchana mmoja alinikuta mezani na kompyuta imewaka, akavuta kiti, akaniuliza ndiyo nini hicho. Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Nikamwonyesha sehemu ya pato la kikundi na sehemu ya gharama.

Akauliza kama watu nao wamo kwenye gharama. Nikamwambia wamo. Akauliza mtu mmoja anahesabiwaje. Sehemu hiyo ilikuwa ya mchumi, mimi niliipokea kama ilivyo, lakini niliijua, nikamjibu: huwa wanakadiria kile ambacho marehemu angezalisha kama angeendelea kuishi.

Alitazama herufi ndogo ya Kigiriki iliyosimama badala ya thamani hiyo kwenye kioo cha kompyuta. Kisha akasema, "Yule mwenzangu aliyekufa pale, niliyekuambia, alikuwa hajui kazi yoyote. Tulikuwa tunamcheka. Hata kupika ugali aliunguza. Kwa hiyo pale hasara ilikuwa ndogo."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa somo. Nilifunga kompyuta nikaenda jikoni kumpashia chakula, na nikiwa nimesimama pale mbele ya jiko ndipo hasira iliponiingia kwa mara ya kwanza, ingawa sikujua bado imlenge nani. Siku iliyofuata nilimpigia mchumi nikamwambia ile sehemu ya kuthamini watu inabidi tuizungumze upya. Akacheka kwa upole, akaniambia ndivyo wachumi wote wanavyofanya, hakuna njia nyingine, na kwamba ningeona jinsi matokeo yanavyopendeza kwenye ramani.

Nilikuwa sijasikia habari ya ramani mpaka siku hiyo.

Ramani niliiona kwa mara ya kwanza kwenye warsha, ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, viyoyozi vikipuliza mpaka watu wakajifunika mitandio. Walikuwepo wafadhili, maofisa wa ngazi mbalimbali, waandishi wa habari. Mchumi alifungua kwa methali ya tembo wawili na nyasi, ile ile inayofungua kila warsha ya amani nchini, kisha akaonyesha picha za nchi jirani. Baada ya hapo akasema modeli imeletwa nyumbani. Ikatokea ramani ya mkoa wetu. Migogoro ya wakulima na wafugaji ni jambo la kweli huku kwetu, watu wameuana, na hakuna asiyejua. Lakini yeye alikuwa amechukua hesabu iliyopimwa kwa vikundi vya bunduki na machimbo, akaipa wakulima wa mpunga na wachunga ng'ombe. Kukawa na vidoti vya kijani, vya njano, na kimoja chekundu, bondeni, njia ya kuelekea Turiani. Kijiji chenyewe sitakitaja. Kimetajwa vya kutosha.

Akaeleza kwamba hapo upo mnada wa mifugo wa kila wiki. Mnada huo ndio unaoleta fedha kwa wingi mahali pamoja, na fedha ndizo zinazopunguza ukuta. Chini ya picha kulikuwa na jina langu, na cheo changu, na chuo.

Niligeuza ripoti niliyopewa mlangoni nikatafuta aya yangu. Haikuwepo. Walikuwa wameitoa na kuunganisha aya ya juu na ya chini kwa ustadi, usingejua kwamba kulikuwa na kitu katikati.

Nikanyoosha mkono. Nilipopewa nafasi nilisimama nikasema kwa Kiswahili, ingawa warsha ilikuwa inaendeshwa kwa Kiingereza, kwa sababu nilitaka kila ofisa aliyekaa pale anielewe bila kisingizio. Nikasema modeli hiyo nimeiandika mimi na ramani hiyo haihusiani nayo. Nikaeleza habari ya kiini kimoja na viini vingi. Kisha nikasema jambo ambalo hata kwenye aya yangu sikuwa nimeliandika, kwa kuwa lilinijia pale pale nikiwa nimesimama.

"Kiini cha urani ukikiambia kesho utavunjika, hakisikii. Kijiji kinasikia. Mkikiwekea kidoti chekundu, mtakuwa mmeshakigusa."

Mchumi akatabasamu, akanishukuru kwa mchango mzito, akasema Daktari ni mtu wa usahihi na ndiyo maana tunampenda, na kwamba tahadhari zake zote zitawekwa kwenye kiambatisho. Watu wakapiga makofi mafupi. Kikafuata kipindi cha chai. Kwenye foleni ya sambusa alinijia pembeni akanishika bega.

"Dada, hawa wakubwa hawana muda wa fizikia. Wanataka kujua waende wapi. Ukiwaambia hujui, watamsikiliza mwingine ambaye naye hajui."

Nilimwambia atoe jina langu. Akasema atalifanyia kazi.

Mnada ulifungwa kabla ya mavuno ya mpunga. Nilisoma habari yake gazetini, mistari michache tu: umesitishwa kwa tahadhari kufuatia matokeo ya utafiti wa kisayansi. Kwenye basi la asubuhi hiyo hiyo kwenda chuoni nilisikia wanawake wawili wakizungumza kwamba nyama itapanda bei. Hakuna aliyesema lolote kuhusu vita.

Yaliyofuata niliyajua baadaye kwa kuyaunganisha. Wafugaji walikuwa na njia yao ya kwenda mnadani, inapita kando ya mto, mbali na mashamba, njia ya miaka. Mnada ulipofungwa, waliohitaji kuuza ng'ombe ilibidi wawapeleke mnada mwingine, na huko hakukuwa na njia ila katikati ya mpunga uliokuwa unakaribia kuvunwa. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo kwenye takwimu za mchumi halikuwa na safu yake. Mnadani ndiko walikokuwa wanakutana. Ng'ombe akila shamba la mtu Jumatatu, siku ya mnada mwenye shamba anamkuta mwenye ng'ombe, wazee wa pande zote wapo, wanakaa kando ya machinjio wanazungumza, anayestahili kulipa analipa. Mambo mengi yaliishia hapo, na nyama choma ikaliwa. Sasa ng'ombe walikuwa wanaingia shambani kila siku na mahali pa kumpata mwenye ng'ombe hapakuwepo tena.

Alasiri moja kundi la ng'ombe liliingia kwenye mpunga, wenye mashamba wakatoka na mapanga, wachungaji wakawa na sime na fimbo zao. Mkulima mmoja alijeruhiwa kiganja cha mkono wa kulia. Mfugaji mmoja alikufa.

Nilipata habari kwa mchumi. Nilikuwa nasahihisha mitihani ofisini. Aliponipigia sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Dada, imetokea. Pale pale. Kidoti chetu."

Nikamuuliza kimetokea nini. Akanieleza. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema taarifa hizo hajazipata bado, ila tukio limethibitishwa na vyanzo viwili, na kwamba sasa hakuna atakayeweza kusema modeli ni nadharia tupu. Akaendelea kuzungumza. Nilikata simu. Halafu nilifanya kitu ambacho sijawahi kukifanya kabla ya hapo wala baada ya hapo: nilichukua kikombe cha chai nikakitupa ukutani. Mwenzangu wa chumba cha pili alikuja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwambia kikombe kimeniponyoka, na akatazama ukuta uliolowa akainama kuokota vipande.

Nilimpigia mdogo wangu huko mlimani, nikamwambia nataka kwenda huko bondeni na sitaki kwenda peke yangu. Hakuuliza mengi. Alishuka kesho yake na gari la mboga, tukaenda pamoja. Njiani alinishauri jambo moja, kwamba tunakwenda msibani, na msibani mtu haendi na maswali. Akasema watafiti waliwahi kuja kambini kwao mara tu baada ya mazishi ya yule mwenzake wakiwa na vishikwambi mikononi, na yeye hajawahi kuwasamehe.

Tulianza kwa mkulima, hospitali. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mkono wake umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alizungumza na mdogo wangu zaidi kuliko mimi, kuhusu dawa za maumivu na jinsi ya kulala ubavu mmoja. Alimwambia kwamba alikuwa anamfahamu yule aliyekufa. Msimu uliopita alimuuzia pumba. Hakusema ni nani aliyempiga marehemu, na hatukuuliza.

Kisha tukaenda kwa mjane. Boma lilikuwa nje ya kijiji, limezungushiwa miiba. Wanawake walikuwa wameketi kwenye ngozi na mikeka, nikawaamkia wazee shikamoo, nikatoa pole, nikakaa. Mjane alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, ana mtoto mgongoni na mwingine amemshika nguo. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu. Tulikaa muda mrefu bila neno, kama inavyotakiwa. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza kama mimi ni wa serikali. Nikasema hapana, ni mwalimu. Akauliza kama walimu wanajua ni nani aliyesema kwamba kwao kuna vita, mpaka mnada ukafungwa.

Mdogo wangu alinitazama. Angeweza kunisaidia kukwepa, na nadhani alikuwa tayari.

Nikamwambia, "Ni hesabu za kompyuta, mama. Hizo hesabu niliziandika mimi kwa kazi nyingine. Walipotaka kuzitumia huku niliwaambia wasizitumie."

"Ulipowaambia, walisikia?"

"Walisikia."

Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia yule mtoto aliyeshika nguo yake akamfuta kamasi. Watu wameniambia kwamba mjane yule alinisamehe. Hawajui wanachosema. Hakuwa na cha kunisamehe mimi, na kama alikuwa na hasira alikuwa na kazi nyingi mno za kufanya kabla ya kuifikia.

Niliporudi mjini niliwaandikia wafadhili. Niliwaeleza yote, kwa adabu. Walijibu kwa adabu kubwa zaidi, wakinishukuru kwa moyo wangu na kunieleza kwamba masuala ya kitaalamu yanashughulikiwa na kiongozi wa mradi, ambaye ndiye mchumi. Nikaenda kwa wakubwa wangu chuoni. Mmoja alinishauri nifikirie jina la chuo. Mwingine aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama nina uhakika kwamba ugomvi usingetokea mnada ungebaki wazi. Nikamwambia sina uhakika huo. Hakuna mtu anayeweza kuwa nao. Akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo: mimi, kwa kuwa ni mkweli kuhusu nisichokijua, naonekana dhaifu, na yule aliyechora kidoti kwa uhakika asiokuwa nao anaonekana mtaalamu.

Mchumi alikuja Morogoro mara moja tu baada ya hapo. Tulikutana kwenye mgahawa mmoja karibu na soko kuu. Aliagiza wali na samaki, mimi nikaagiza maji. Akasema amesikitika kwamba nimelichukulia jambo hili kibinafsi. Akanieleza kwamba sayansi inahitaji moyo mgumu, na kwamba tukio lile, kwa masikitiko yake, limeipa modeli uthibitisho ambao tusingeupata kwa miaka kumi.

"Ulifunga mahali walipokuwa wanapatana," nikamwambia. "Halafu ukakaa kusubiri wagombane."

"Sikufunga mimi. Mimi nilitoa taarifa."

"Ulitoa aya yangu."

Akaweka kijiko chini. Akasema ripoti ilikuwa ndefu mno, mhariri alitaka ipunguzwe. Kisha akasema, taratibu, "Dada, unachanganya sayansi na msiba."

"Ndiyo. Na wewe umeufanya msiba kuwa data."

Niliinuka nikaondoka. Ningependa kuandika kwamba alishindwa kula, lakini nilipogeuka mlangoni alikuwa anachambua miba ya samaki kwa utulivu.

Aliyeufungua mnada tena si mimi. Walioufungua ni wenyewe. Wazee wa wakulima na wazee wa wafugaji, watu waliokuwa wamezika mtu kwa sababu ya ugomvi wao, walipanda gari moja wakaenda kwa wakubwa kuomba mnada wao urudi. Waliambiwa walete maelezo ya kitaalamu, kwa kuwa ulifungwa kwa maelezo ya kitaalamu. Ndipo wakanitafuta kupitia kwa mdogo wangu, ambaye alikuwa amebaki na namba ya yule mkulima. Nikaenda. Nilikaa kati ya mzee wa kofia ya kufuma na mzee wa shuka jekundu, kwenye benchi la mbao, tukasubiri mpaka mchana. Nilipoingia niliwaeleza wakubwa wale habari za ukuta na chembe, kwa maneno ya kawaida, bila ramani wala picha.

Ofisa mmoja aliniuliza kama nakusudia kusema kwamba kompyuta ilikosea.

"Haikukosea," nikasema. "Iliulizwa swali lisilo lake. Na waliouliza walijua."

Aliandika kitu. Mnada ulifunguliwa baada ya mavuno, kwenye uwanja mwingine, na ushuru mpya. Hakuna aliyesema kwamba ulifungwa kimakosa. Tangazo lilisema hali imetengemaa.

Makala ya mchumi ilichapishwa mwaka uliofuata. Jina langu lilitolewa kwenye orodha ya waandishi kama nilivyodai, likawekwa kwenye shukrani mwishoni, mahali ambapo sikuweza kulitoa. Katikati ya makala kuna jedwali, na ndani ya jedwali lile mume wa yule mwanamke ni tukio moja, thibitisho chanya. Mchumi sasa anaalikwa nchi nyingi. Nilimwona kwenye televisheni akizungumza kuhusu kuzuia vita kabla havijaanza, na alizungumza vizuri sana. Nilizima.

Mimi nimerudi kwenye viini vyangu. Nafundisha somo hilo la chembe na kizuizi kila mwaka, mwaka wa tatu, na nikimaliza milinganyo nawasimulia wanafunzi kisa hiki chote. Baadhi wanasikiliza, baadhi wanatazama simu zao. Mwaka jana mmoja aliniuliza kama makala ile inapatikana mtandaoni, kwa sababu angependa kufanya utafiti wa aina hiyo. Nilimpa. Nilimpa pamoja na aya yangu iliyotolewa, nimeichapa upya, na nikamwambia akiitoa na yeye nitajua.

Juzi mdogo wangu alishuka na magunia ya njegere, tukaamua kuyapeleka wenyewe kule bondeni, mnadani, badala ya kumwachia dalali. Yule mkulima alikuwepo, anauza mchele. Alinipa mkono wa kushoto. Wa kulia vidole viwili havikunji. Nikamuuliza habari za mjane. Akasema aliondoka na ng'ombe waliobaki, alifuatwa na kaka zake, wako upande wa Gairo huko, hana hakika ni wapi. Boma limebomolewa, miiba ile watu waliichukua kuwa kuni. Akanionyesha kwa kidevu upande lilikokuwa. Kisha mteja akaja, akaanza kumpimia mchele, na sisi tukatafuta mahali pa kutandika turubai letu.